Kinachoua swichibodi si uzee

Katika ofisi nyingi za miji yetu, iwe halmashauri, hospitali, shule ya bweni au hoteli, kuna sanduku lililotundikwa ukutani nyuma ya mapokezi, plastiki yake imegeuka manjano, taa zake mbili tatu zinawaka, na chini yake kuna msitu wa nyaya. Hiyo ndiyo swichibodi, ambayo mafundi huiita PABX. Kazi yake ni kuunganisha simu za mezani za ndani na kuzigawia laini chache zinazokwenda nje, ili ofisi yenye simu 24 isilazimike kulipia laini 24. Ikifanya kazi hakuna anayeikumbuka. Siku ikikorofisha, kauli inayotangulia ni ileile kila mahali: mtambo umezeeka, tununue mwingine. Nadhani kauli hiyo mara nyingi si kweli, na inatugharimu. Swichibodi nyingi zinazotupwa huwa bado nzima, au zina hitilafu ambayo fundi mwenye taarifa angeimaliza kabla ya saa ya chai. Kilichokufa ni kumbukumbu za ofisi kuhusu mtambo wake: mchoro wa nyaya haupo, orodha ya namba za ndani ni ya enzi za mkuu wa idara aliyestaafu, nakala ya programu haikuwahi kuchukuliwa, na neno la siri liliondoka na fundi aliyeufunga. Ofisi isiyorekebisha hilo itanunua mtambo mpya na kuupoteza kwa njia hiyohiyo.

Tuutazame mtambo wenyewe, maana ni mwepesi kueleweka kuliko unavyoogopwa. Ndani yake mna sehemu ya umeme inayopooza umeme wa ukutani, kadi kuu yenye kompyuta ndogo inayoamua nani aunganishwe na nani, kadi za laini za nje na kadi za simu za ndani. Mitambo ya nusu ya kwanza ya karne iliyopita ilikuwa na vyuma vilivyopanda na kuzunguka kila mtu alipopiga namba, na hivyo kweli viliisha kwa kusuguana. Lakini hayo yalianza kupitwa na wakati yapata miaka 50 iliyopita, pale kampuni ya Kanada iliyokuja kujulikana kama Nortel ilipoleta SL-1 mwaka 1975 na kuifanya swichibodi kuwa kompyuta. Ndani ya mtambo wa aina hiyo hakuna kinachosuguana isipokuwa feni, na mingi ya midogo haina hata feni. Vitu vinavyozeeka ni vichache na vinajulikana: kapasita za sehemu ya umeme, ambazo hukauka taratibu, betri, na viungo vya nyaya vinavyoshika kutu. Kapasita inayokauka hutoa taarifa mapema. Simu zote zinaanza kuvuma kwa mbali, au mtambo unajizima na kujiwasha wenyewe wakati simu kadhaa zinalia kwa pamoja. Fundi wa redio wa mtaani anayejua kushika chuma cha kulehemu anaweza kuzibadilisha, na bei ya kapasita zenyewe haifikii hata nauli yake ya kuja ofisini.

Sasa chukua lalamiko la kawaida kabisa: simu ya mhasibu imekufa. Fundi anayejua kazi haanzi kwa kufungua mtambo. Anachukua kwanza simu ya mhasibu na kuichomeka kwenye soketi ya jirani yake ambayo inajulikana kuwa nzima, ili ajue kama ugonjwa uko kwenye simu au kwenye waya. Simu ikisikika vizuri huko, anakwenda kwenye ubao wa kuunganishia nyaya ulio kando ya mtambo, anaitenganisha jozi ya waya inayokwenda kwa mhasibu, na anaunga simu yake ya majaribio moja kwa moja upande wa mtambo. Akisikia mlio wa kupigia, mtambo hauna kosa na ugonjwa uko njiani kuelekea mezani. Asiposikia kitu, anajaribu nafasi ya jirani kwenye kadi hiyohiyo. Mita inamsaidia: laini ya mtambo mkubwa huonyesha takriban volti 48 simu ikiwa imewekwa chini, mitambo midogo mingi hutoa pungufu ya hapo, na mkono wa simu ukiinuliwa volti hushuka ghafla hadi karibu na 10 au chini yake. Volti zikiwapo kamili ubaoni na mezani zikiwa sifuri, waya umekatika mahali fulani katikati. Volti zikianguka hata kabla mtu hajainua simu, nyaya mbili zimegusana au kiungo kimeingia maji, jambo linaloeleza kwa nini simu fulani hukwaruza kila mvua inaponyesha na kupona jua likitoka. Kwa njia hii ya kukata tatizo katikati, kisha kukata nusu iliyobaki, robo saa inatosha.

Inatosha kwa sharti moja, kwamba fundi ajue ni jozi ipi kati ya 50 zilizopangwa pale ubaoni inayokwenda kwa mhasibu. Hapa ndipo ofisi nyingi zinapoanguka. Vibandiko vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino vimefifia, vyumba vimebadilishana watu mara nyingi, na karatasi iliyokuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kisanduku ilichanwa na mtu aliyehitaji pa kuandikia namba. Fundi sasa ana njia mbili. Anaweza kufunga kifaa cha kutuma mlio kwenye waya mezani na kuusaka ubaoni jozi baada ya jozi, kazi ya subira ambayo hakuna anayependa kuilipia. Au anaweza kuvuta waya mpya juu ya ukuta kutoka mtamboni hadi kwa mhasibu na kuuacha ule wa zamani ukining'inia. Wengi huchagua la pili, na siwalaumu sana, kwa sababu wanalipwa ili simu ilie, hawalipwi ili ubao ueleweke. Lakini kila waya unaovutwa namna hiyo unafanya tatizo linalofuata liwe gumu zaidi, na baada ya miaka michache hakuna tena fundi anayethubutu kugusa kitu. Ukiona msitu wa nyaya chini ya swichibodi, usidhani ni uzee wa mtambo. Ni historia ya matengenezo ambayo hayakuandikwa.

Kuna hitilafu nyingine inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi, na kila opereta anaijua. Mazungumzo yamekwisha, pande zote zimeweka simu chini, lakini laini ya nje inabaki imeshikwa. Ikifika saa nne asubuhi laini zote zinaonekana ziko kazini ilhali hakuna anayezungumza, na wanaopiga kutoka nje wanasikia mlio wa kukaliwa tu. Ofisini hali hiyo hutafsiriwa kuwa mtambo umechoka. Ukweli ni mwingine. Kituo cha kampuni ya simu huujulisha mtambo wa ofisi kwamba mpigaji amekata kwa njia mojawapo kati ya chache: kugeuza chanya na hasi za laini, kukata mkondo wa umeme kwa sehemu ya sekunde, au kutuma mlio wa kukaliwa. Swichibodi imepangwa isubiri ishara mojawapo. Kampuni ya simu ikibadilisha vifaa vyake, au ofisi ikiondoa laini ya shaba na kuweka kisanduku kinachotumia kadi ya simu ya mkononi, ishara hubadilika, na swichibodi inaendelea kusubiri ishara ya zamani ambayo haitakuja kamwe. Dawa ni kubadilisha mpangilio mmoja au miwili kwenye programu. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuingia kwenye programu hiyo, dawa inayotumika ni opereta kuuzima mtambo ukutani kila asubuhi na kuuwasha tena. Kuzimwa na kuwashwa kila siku ni mateso zaidi kwa sehemu ya umeme kuliko miaka ya kuachwa ikiwaka. Baada ya muda inaungua, na hapo kauli ya uzee inapata ushahidi ambao ofisi yenyewe iliutengeneza.

Kwa nini hakuna anayeweza kuingia? Kwa sababu neno la siri lilibaki kichwani mwa mtu mmoja, na wakati mwingine lilibaki huko kwa makusudi, maana fundi anayejua peke yake ataitwa yeye peke yake. Upande wa pili kuna ofisi ambazo neno la siri ni lile la kiwandani, tarakimu nne ambazo kila mwenye kitabu cha maelekezo duniani anazijua. Hili nalo ni balaa. Mitambo mingi ina huduma inayomruhusu mtu kupiga kutoka nje, kuweka tarakimu za siri, kisha kutoka tena nje kwa kutumia laini za ofisi. Wezi wa simu huitafuta huduma hiyo usiku na siku za sikukuu na kupiga namba za ng'ambo zenye gharama kubwa, na ofisi inakuja kugundua ankara inapofika. Hapo pia lawama humwangukia mtambo, kwamba ni wa kizamani na hauna ulinzi, wakati mitambo ya leo inayotumia intaneti hushambuliwa kwa mbinu hizohizo na zaidi. Kisha kuna programu yenyewe. Katika mitambo kadhaa mipangilio yote ya ofisi hukaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya mviringo, ndugu wa ile ya saa. Betri hiyo ikiisha hakuna dalili yoyote mpaka siku umeme utakapokatika. Umeme ukirudi, mtambo unaamka ukiwa kama ulivyotoka kiwandani: namba za ndani zimebadilika, simu za nje zinalia stoo badala ya mapokezi, na mkurugenzi anapigiwa na watu wanaomtaka mpishi. Aliye na nakala ya mipangilio kwenye kompyuta anairudisha. Asiye nayo anaanza kuandika upya kwa kukisia.

Kuhusu umeme, nchi zetu hazihitaji somo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao ukakosa taa katika sehemu zake kwa sababu jenereta la akiba lilishindwa kubeba kazi yake. Jenereta lilikuwapo. Betri za swichibodi zetu nazo zipo, na hali yake ndiyo hiyohiyo. Betri ya asidi iliyofungwa hupimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 20 hadi 25, na kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa takriban nusu. Sasa iweke juu ya kabati, chini ya bati, Tanga au Mombasa, kisha ushangae inapokufa mapema. Wengi huipima kwa mita ikiwa bado imeungwa kwenye chaja, wanaona volti 13 na ushei, wanaridhika. Hiyo ni volti ya chaja, si ya betri. Kipimo cha haki ni kuchomoa mtambo ukutani siku ya Jumamosi, kuacha simu kadhaa zikitumika, na kuangalia saa. Kuna pia waya wa ethi, ambao katika ofisi nyingi umeunganishwa mtamboni upande mmoja na upande wa pili haukuunganishwa popote. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na radi haihitaji kugonga jengo: inatosha ipige jirani na waya wa simu unaotoka nje. Ubaoni huwekwa vidude vidogo vya kauri vyenye gesi ambavyo hugeuza mshtuko huo kuelekea ardhini. Bila ethi havina pa kuupeleka, na hata vyenye ethi hufa kimyakimya baada ya kuokoa kadi mara kadhaa, kwa hiyo lazima mtu awe anavikagua na kuvibadilisha baada ya msimu wa mvua. Kidude kimoja ni cha bei ya soda chache. Kadi inayoungua kwa kukosekana kwake si ya bei hiyo, na huenda haipatikani tena.

Hapo pingamizi la kwanza linabisha hodi, nalo ni zito: vipuri vitatoka wapi? Nortel ilifilisika mwaka 2009 na biashara yake ya simu za ofisi ikanunuliwa na Avaya, ambayo nayo imeomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mara mbili, mwaka 2017 na 2023. Toshiba ilijitoa kwenye biashara hiyo mwaka 2017. Panasonic, ambayo mitambo yake midogo imejaa katika ofisi zetu, ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaachana nayo. Anayesema mtambo wa zamani ni yatima hakosei. Lakini tuangalie orodha hiyo inatufundisha nini. Kampuni hizo hazikuanguka kwa sababu bidhaa zao ziliharibika, na anayenunua leo mtambo mpya wa kampuni nyingine hana hakika kwamba kampuni hiyo itakuwapo baada ya miaka kumi. Ukiwa na mtambo ulioenea, uyatima wake una nafuu ya ajabu: ofisi nyingine zinazouondoa zinauza kadi zao kama vyuma chakavu. Huu ndio wakati wa kununua sehemu moja ya umeme na kadi kuu moja za akiba, kuzijaribu zikiwa ndani ya mtambo, kuziandika tarehe na kuzihifadhi pakavu. Miaka mitano ijayo hazitakuwapo. Kwa mtambo wa nadra ambao hakuna mwingine wa aina yake mkoani, nakubali, hesabu ni tofauti.

Pingamizi la pili husemwa kwa tabasamu: kila mtu ana simu ya mkononi, swichibodi ya nini? Nenda wodini ukaulize. Muuguzi anayehitaji kuzungumza na maabara usiku anatumia salio lake mwenyewe, kwa namba ya mtu ambaye huenda leo hayuko zamu. Namba ya ndani ni ya meza, simu ya mkononi ni ya mtu. Mtu akihamishwa kwenda wilaya nyingine anaondoka na namba yake, pamoja na mazungumzo yote ya kikazi yaliyopitia kwenye kikundi cha WhatsApp alichokianzisha. Mwananchi anayepiga halmashauri kuulizia kiwanja chake ana haki ya kupata dawati, si kutafutiwa namba binafsi ya afisa ambaye anaweza kuamua asipokee. Swichibodi pia huandika kila simu inayotoka: ilipigwa kutoka meza ipi, kwenda wapi, kwa muda gani. Labda hilo ndilo linaloifanya isipendwe na baadhi yetu. Simu ya mkononi imechukua kazi nyingi za simu ya mezani kwa haki kabisa, na ofisi ya watu wanne haihitaji mtambo wowote. Lakini taasisi yenye idara, zamu na milango mingi inahitaji namba zinazobaki pale watu wanapoondoka.

La tatu ndilo wauzaji wanalolipenda, kwamba simu zote sasa zihamie kwenye intaneti. Kwa jengo jipya siwezi kubisha. Anayejenga leo na kulaza nyaya za simu za shaba kando ya nyaya za kompyuta anatupa fedha, na programu huria kama Asterisk, iliyoanza mwaka 1999, zinaweza kuendesha simu za ofisi nzima kwenye kompyuta ya kawaida. Ubishi wangu ni kwa jengo ambalo nyaya zake zipo, mtambo wake unafanya kazi, na linaambiwa ling'oe kila kitu ili huduma yote ikae kwenye seva za mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Ofisi ambayo simu zake za ndani hupitia ng'ambo ili kurudi chumba cha pili ingeshindwa siku hiyo kumwita mtu aliye ng'ambo ya ukuta. Swichibodi ya zamani haikujua hata kwamba kuna tatizo. Kuna pia suala la umeme ambalo wauzaji hulipita haraka: simu ya kawaida ya mezani haihitaji soketi, hupewa umeme na mtambo kupitia waya uleule wa sauti, kwa hiyo seti moja ya betri inatosha jengo zima. Simu za intaneti zinahitaji umeme kwenye kila kigawanyio cha mtandao katika kila ghorofa, na ghorofa isiyo na betri zake inanyamaza. Yote haya yanatatulika, lakini yanatatuliwa kwa matunzo, yaani kwa kitu kilekile tulichoshindwa kuupa mtambo wa kwanza.

Waingereza wana la kutufundisha hapa. Wameamua kuuzima mtandao wao wa simu za shaba, na tarehe iliyopangwa awali ilikuwa mwisho wa 2025. Mwaka 2023, baada ya matukio mabaya ya vifaa vya dharura vya wazee na wagonjwa kushindwa kupiga simu baada ya laini kubadilishwa, kampuni za simu zilikubaliana na serikali kusitisha kuwahamisha watu bila ridhaa yao, na baadaye tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi Januari 2027. Nchi yenye umeme wa uhakika na mafundi wa kutosha ilikuta kwamba haikuwa na orodha kamili ya nani anategemea laini ipi kwa jambo gani. Sisi tunaohama kwa matangazo ya zabuni tungejiuliza swali hilo mapema. Lifti inapiga wapi mtu akikwama ndani? Mashine ya kupokea kadi za malipo, king'ora cha moto, faksi ya maabara, simu ya lango kuu: ni ipi kati ya hizo imejishikiza kwenye swichibodi bila mtu kukumbuka? Jibu liko ubaoni, kama ubao unasomeka.

Najua pia watakaosema kwamba mafundi wa kazi hii wamekwisha. Wamepungua, hilo ni kweli. Waliosomeshwa na mashirika ya posta na simu kabla hayajagawanywa, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Kenya mwaka 1999, wengi wao wamestaafu, na kijana wa TEHAMA aliyeajiriwa jana huona waya wa shaba kama masalia ya mkoloni. Lakini kijana huyohuyo anajua kupanga kigawanyio cha mtandao, kazi ngumu kuliko swichibodi ndogo. Anachokosa ni kitabu cha maelekezo, na vitabu hivyo vinapatikana mtandaoni, pamoja na siku mbili za kukaa na mzee mmoja aliyestaafu akamwonyesha jinsi ya kusukuma waya kwenye bloku za Krone, zile zinazoshika nyaya ubaoni, kwa kifaa chake, badala ya kuukandamiza kwa bisibisi na kuharibu meno ya bloku. Siku hizo mbili zingegharimu posho ya semina moja. Zinakosa mtetezi kwa sababu hazina tangazo la zabuni. Sanduku jipya lina ankara kubwa, na ankara kubwa haikosi marafiki.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo na kinaweza kuandikwa katika mkataba wowote wa matengenezo unaosainiwa mwaka huu. Neno la siri la mtambo ni mali ya ofisi, libadilishwe kutoka lile la kiwandani na lifungwe kwenye bahasha kwa mhasibu mkuu. Nakala ya programu ichukuliwe kila inapobadilishwa. Kila fundi anayegusa waya aandike jozi ipi, tarehe gani, kwa nini, kwenye daftari linalokaa pale mtamboni, na malipo yake yasitoke mpaka mstari huo uonekane. Kifungu hiki cha malipo ndicho chenye meno. Mkaguzi wa ndani, ambaye tayari hukagua daftari la safari za magari, anaweza kulikagua na hili bila kujifunza neno moja la ufundi.

Wala sisemi mtambo utunzwe milele. Kampuni ya simu ikikujulisha kwamba laini za shaba za mtaa wako zinaondolewa, au sehemu ya umeme ya akiba ikishatumika na nyingine haipatikani, huo ndio wakati wa kupanga kuhama, na kuhama si lazima kuwe kwa siku moja. Kuna visanduku vinavyouunganisha mtambo wa zamani na laini za intaneti, ili idara moja ihame kwanza na nyingine ifuate bajeti ikiruhusu, namba zikibaki zilezile. Msambazaji anayekuja kufunga kisanduku hicho ataomba kwanza orodha ya namba za ndani, jozi zake ubaoni, na mpangilio wa laini za nje. Ofisi yenye daftari itampa nakala siku hiyohiyo. Isiyo nalo itamlipa atume vijana wawili wapite chumba kwa chumba wakiinua simu moja moja kuuliza inaita wapi, na gharama hiyo itaingizwa kwenye ankara kwa jina la usanifu wa mfumo.